Nawapiga Kila Asubuhi

Jumamosi, 14 Septemba

Naanza kuandika leo kwa sababu furaha imenijaa mpaka shingoni na sina shoga wa kummwagia. Mimi ni mke wa Hilaire! Naandika tena nilione neno lenyewe: mke wa Hilaire. Tulifunga ndoa Julai, Kasulu, katika kanisa lile lile ambako nilimwona mara ya kwanza nikiwa kidato cha nne. Kwaya ya wakimbizi wa Kongo ilikuja kutoka kambi ya Nyarugusu, naye alikuwa mstari wa nyuma anatoa besi, na ile besi ikaniingia mbavuni ikakaa huko. Baadaye familia yao ikahamishiwa Ubelgiji. Akaniahidi atarudi kunichukua. Wangapi huahidi? Yeye alirudi.

Sasa niko Brussels, mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe, ghorofa ya tatu. Tuna sebule, chumba na roshani. Mbele ya roshani kuna mti mkubwa, na ndani ya mti, jamani, kuna kasuku! Wa kijani, wenye pete shingoni na mikia mirefu. Nilidhani wamemtoroka mtu. Hilaire akacheka. "Chérie, hawa ni wa hapa. Zamani walitoka ku tundu ya kufugia, wakazaana. Hawana papier, hawana visa, na hakuna muntu anawafukuza."

Nimewapiga picha nikamtumia mama. Mama kajibu kwa sauti: "Huko Ulaya mmeenda watu au mmeenda ndege?"

Jumanne, 17 Septemba

Hilaire ni mlinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi. Anarudi saa moja asubuhi, namngoja na chai na chapati. Akivua lile koti lenye beji naona kama askari wangu karudi vitani. Shida ni kasuku. Akiweka kichwa kwenye mto tu, nao wanaanza. Leo amegonga sufuria roshani mpaka mwiko ukavunjika.

Jumapili, 22 Septemba

Nimepata mtu wa kuongea naye! Chini kabisa, kwenye nyumba yenye bustani, anaishi Mbelgiji mzee anaitwa Hilde. Alikuwa nesi wa misheni huko Kivu miaka mingi na anaongea Kiswahili cha Kongo vizuri kuliko mume wangu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bibi Hilde." Hilaire akashika ukuta kwa kicheko.

"Kwetu bibi ni muke ya muntu! Utamupa huyu maman bwana gani? Sema Maman Hilde."

"Unipe tu," akasema Maman Hilde. "Nilikosa tangu ujana."

Alitupa keki ya tufaha. Aliniambia kila akiniona roshani na simu yangu asubuhi anajua siku imeanza vizuri. Nikamwambia, "Nawapiga kila siku, Maman Hilde, mama yangu anawapenda." Akatikisa kichwa kwa furaha. Tulielewana kama watu waliochota maji kisima kimoja.

Jumatatu, 30 Septemba

Darasa la Kifaransa, Saint-Josse, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi asubuhi. Leo nimesukuma mlango wa duka la Tonton Rigobert, rafiki wa Hilaire anayeuza sombe, yaani kisamvu, na samaki wa chumvi. Nimesukuma mpaka bega likauma. Rigobert akapiga kelele kutoka ndani: "Shemeji, soma! Imeandikwa tirez! Vuta!" Basi neno hilo sitalisahau maisha. Tirer, kuvuta.

Jumapili, 6 Oktoba

Siku tamu kuliko zote tangu nifike. Rigobert amemletea Hilaire bunduki ya upepo. Nilishtuka, lakini wakanieleza kwamba hapa mtu mzima anainunua dukani bila kibali, ni ya kulenga shabaha. Risasi zake ni ndogo kama punje ya mtama. Rigobert akasema kule upande wa milima watu wenye vibali wanawinda nguruwe pori, na upande wa Waflemi, wale wanaosema Kiholanzi, hapo ng'ambo tu ya barabara kuu, wana msimu wao wa njiwa. Nchi moja, sheria tatu. "Na hapa kwetu?" nikauliza. "Hapa kwetu," akasema, "tunapiga makopo."

Tulipanga makopo ya nyanya mwisho wa korido. Hilaire alisimama nyuma yangu, akanishika kiwiko, kidevu chake begani kwangu, akasema polepole, "Vuta pumzi. Sasa." Kopo likaruka! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Rigobert alinirekodi kwa simu ya Hilaire, nikilenga, nikicheka, nikipuliza mtutu kama jambazi wa sinema. Hilaire anasema ataitunza video hiyo mpaka tuzeeke.

Jumatatu, 7 Oktoba

Bega linauma. Napenda hata maumivu yake.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua. Si mvua ya kwetu inayokuja, inapiga kelele, inaondoka. Hii inakaa kama mgeni asiyeaga.

Hilaire sasa analala. Asante Mungu. Jana nilirudi darasani nikamkuta amelala fofofo, mdomo wazi, na dirisha la roshani wazi kwenye baridi yote ile. Nikalifunga, nikamfunika miguu.

Jumatano, 23 Oktoba

Majani yanadondoka. Kasuku wanaonekana wazi sasa, kijani juu ya matawi makavu, kama majani yaliyokataa amri. Lakini wamepungua. Hilaire anasema wamekwenda kusini kukimbia baridi. Wajanja kweli! Nimemwambia mama, mama kasema basi wangeendelea na huko kusini mpaka Kasulu.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma. Giza linaingia kabla sijaivisha chochote.

Jumamosi, 2 Novemba

Maman Hilde aliniita bustanini asubuhi. Alikuwa ameshika kartoni ya viatu, na ndani, juu ya taulo, kasuku mmoja, bawa limening'inia, jicho linazunguka. Alitenganisha manyoya kwa kidole cha kinesi nikaona tundu dogo.

"Plomb, ile risasi ndogo," akasema. "Si wa kwanza. Wengine niliwaokota wamekufa, nikawazika pale chini ya waridi. Nilisema labda ni paka. Paka haina plomb."

Nilimwambia Hilaire anasema wengine wamehama kusini. "Kasuku haiendi fasi yoyote," akasema. "Inakaa pale inazaliwa, kama miye ningekaa kama wangeniacha." Kisha akanieleza, sauti inatetemeka: kule mikoa mingine kuna msimu na vibali vya kuwinda, na hata huko si kwa bunduki ya upepo. Lakini Brussels hakuna kuwinda kabisa, ndege yeyote, siku yoyote. "Kuwa na ile bunduki mu nyumba, sheria inaacha. Kuielekeza kwa ndege, sheria inakataa." Amewaita polisi.

Tulilia wote wawili juu ya kartoni. Wazo moja lilinipitia, nikalifukuza kama nzi.

Nilipopanda juu nikamwambia Hilaire. Aliacha kijiko hewani.

"Ulimwambia kama tuko na bunduki?"

"Hakuniuliza."

"Bon. Ni watoto ya quartier, ya mtaa tu. Wanafanyaka hivyo." Akamaliza kula, akanibusu kwenye paji. Nimemwamini. Ni mume wangu, nisipomwamini yeye nimwamini nani hapa?

Jumamosi, 9 Novemba

Polisi amekuja! Naandika yote kwa sababu nilijiona mtu mkubwa leo.

Hilaire alikuwa amerudi kutoka kazini, bado ana koti. Afisa ni kijana mrefu anaitwa Jeroen, alifuta viatu mlangoni vizuri sana. Alinisalimia kwa Kiingereza nami nilikuwa nimeshapanga jibu kichwani, cha shule ni cha shule, lakini Hilaire akaniwekea mkono gotini. "Acha, chérie, utachanganyikiwa. Niko hapa, nitakuwa mdomo wako." Nilipenda maneno hayo. Mdomo wangu!

Waliongea Kifaransa cha haraka. Hilaire akaenda mwenyewe kabatini akaleta bunduki, akaiweka mezani bila kuficha. Nikajivunia uaminifu wake. Kisha akanigeukia, akauliza taratibu, kama anavyouliza akitaka sukari:

"Imani, anataka kujua juu ya hawa kasuku. Ni nani anawapigaka pale ku balcon?"

"Mwambie ni mimi!" nikasema. "Nawapiga kila asubuhi wakitua kwenye mti. Namtumia mama."

Hilaire akamgeukia afisa akasema sentensi fupi. Ndani yake nikashika neno moja, tire, lile la mlango wa Rigobert! Nusura nipige makofi. Kalamu ya afisa ikasimama. Akauliza kitu tena. Hilaire akatoa simu yake akamwonyesha kitu, bila sauti, na mwanga ukamchezea afisa usoni. Nilijua ni picha za harusi, maana humwonyesha kila mtu. Nikakaa sawa, nikatabasamu. Afisa aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyevunja sahani nyumba ya watu.

Aliongea maneno marefu kidogo. "Anasema tuwe waangalifu," Hilaire akatafsiri. "Na bunduki anaenda nayo, wanaipima tu." Akaondoka nayo ndani ya mfuko mrefu.

"Nimekusikia ukisema tire," nikamwambia mume wangu baadaye, kwa majivuno.

Aligeuka ghafla. "Umesikia nini?"

"Tire. Kama mlango wa duka."

Akacheka. Akacheka muda mrefu kuliko utani wenyewe, akanikumbatia, moyo wake unadunda kwenye sikio langu kama mtu aliyepanda ngazi. "Umekuwa Mufransa, chérie!"

Jumapili, 10 Novemba

Hilaire kaniletea maua ya waridi. Hakuna sikukuu yoyote. Mume gani huyu!

Alhamisi, 14 Novemba



Nilikuwa nashusha takataka. Maman Hilde alikuwa kwenye ngazi ya chini. Nikasema shikamoo yangu. Hakuitikia.

"Usiniamkie," akasema. "Nilikulisha pa meza yangu. Ulilia juu ya ile kartoni. Uko muntu ya namna gani, weye?"

"Maman, nimefanya nini?"

"Polisi alirudi kunieleza. Ulikubali mwenyewe. Unawapiga kila asubuhi."

"Ndiyo nawapiga! Si unaniona kila siku nikiwapiga?"

"Nilikuona na telefone!"

"Si ndiyo hiyo?"

Mvua ilikuwa inagonga kioo cha mlango. Niliona uso wake ukibadilika, hasira inaondoka na kitu kibaya zaidi kinaingia.

"Imani," akasema polepole, "bwana yako alisema namna gani mu Kifaransa?"

"Sijui yote. Nilisikia tire. Kuvuta."

Akakaa kwenye ngazi, mzima mzima, na magoti yake mabovu. "Mlango, tunasema tirer. Ni kweli. Na bunduki vilevile, tunasema tirer. Foto hapana. Foto tunaikamata, prendre. Hakuna muntu atasema unavuta ndege kama umekamata foto yao." Akanishika kidole kama mtoto. "Na ile video?"

"Video gani?"

"Wewe na bunduki. Unacheka. Polisi aliiona."

Nilipanda ngazi kwa kushika ukuta. Mwenye mdomo wangu alikuwa kitandani, amelala usingizi ule mzuri nilioushukuru Mungu kwa ajili yake. Nilisimama nikamtazama. Kumbe kila nilipomfunika miguu nilikuwa nafunika kazi ya asubuhi.

Ijumaa, 15 Novemba

Nilimngoja arudi kutoka kazini. Hakukuwa na chai.

"Uliwaambia mimi nimewaua."

Hakukana. Alikaa, akavua koti, akaishika beji mkononi akawa anaisugua kwa kidole gumba.

"Sikuongeza neno, Imani. Ulisema nawapiga. Nikasema elle les tire. Neno kwa neno."

"Uliacha nusu."

"Ile nusu hukuisema."

Ni kweli. Hilo ndilo linaloniua, kwamba ni kweli. Sikusema picha. Kwetu nani husema yote kwa mtu anayekujua? Yeye alilelewa Nyarugusu, anajua Kiswahili cha Kongo na cha kwetu kama anavyojua mkono wa kulia na wa kushoto. Yeye mwenyewe alichagua swali. Ningeulizwa, "Nani anawapiga risasi?" ningeruka kwenye kiti. Na simu? Video haina Kiswahili.

Akaanza kuongea Kiswahili cha kwetu, kile cha kunibembeleza nacho. "Mke wangu, nisikilize. Mlinzi akikutwa na kosa la bunduki anavuliwa beji. Nikikosa kazi, kadi yako ya ukaazi itasimama juu ya nini? Wewe ni mgeni. Mgeni akikosea wanasema hakujua sheria, wanamsamehe. Mimi ninaijua."

"Uliijua, ukawapiga."

Akarudi kwenye Kiswahili chake, macho mekundu. "Siku zote zile siko nalala, Imani! Unajua muntu anageuka nini bila usingizi? Nilisimama kule kazini nikasinzia wima, chef, mukubwa ya kazi, akanikuta. Moja tu, nikasema. Wanyamaze. Halafu wengine wakaendelea."

Nilimhurumia. Mungu anisamehe, nilimhurumia, na mkono wangu ukataka kwenda kichwani kwake wenyewe. Na hapo ndipo nikaona jambo lililonivunja kabisa. Angeniomba, kwa mapenzi niliyokuwa nayo, pengine ningembebea. Angesema, Imani, sema ni wewe. Labda ningesema. Hakuniomba. Aliniacha nikae pale natabasamu.

Jumapili, 17 Novemba

Hatuongei. Maua yananyauka na sitayatoa. Ayatoe aliyeyaleta.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeitwa kituoni tarehe 5 Desemba kuhojiwa rasmi. Hilaire amejitolea kuja kunitafsiria. Kajitolea!

Rigobert alikuja kusuluhisha, na mfuko wa sombe.

"Shemeji, ndoa ni miguu miwili. Mmoja ukichomwa mwiba, mwingine unabeba."

"Tonton, mguu wangu haukuulizwa. Ulikatwa ukavishwa kiatu cha mwingine."

Akacheka, akajaribu njia nyingine. "Donc, yote hii kwa kasuku? Ndege hata si ya hapa! Ilikuja kwa tundu, inapigia watu makelele mu nchi yao."

"Na mimi nilikuja kwa nini, Tonton?"

Akaangalia sombe yake. Alipoondoka aliusukuma mlango wetu, ule wa kuvuta.

Alhamisi, 28 Novemba

Maman Hilde anasema yule kasuku wa kartoni atapona lakini hataruka mbali tena. Nilimuuliza nikisema ukweli itakuwaje. Hakunidanganya. Kadi yangu imefungwa kwa Hilaire, tukiachana itabidi nieleze upya kwa nini nibaki, na hajui wataamua nini. "Na kama ukinyamaza," akasema, "kosa la bunduki litakuwa na jina yako, na hilo nalo watalisoma."

Hilaire kila asubuhi anasema, "Nyamaza tu. Sema hukujua." Anasema hivyo hivyo, sauti ile ile, besi ile ile. Zamani iliniingia mbavuni. Sasa naisikia tu.

Alhamisi, 5 Desemba

Asubuhi nilishusha begi langu kwa Maman Hilde. Hilaire aliniona, akasema tu, "Usikose tramu."

Kituoni nilimwambia Jeroen kwa Kiingereza changu cha Kasulu kwamba simtaki mume wangu chumbani. Sikuona aibu tena. Walikuwa wameshaita mkalimani aliyeapishwa, mama wa Butembo, Kongo, anaitwa Kahambu, miwani imefungwa kwa kamba. Hilaire akabaki nje ya mlango.

Jeroen alisoma maneno niliyodaiwa kusema. Mama Kahambu akayarudisha kwenye Kiswahili na nikayasikia kwa mara ya kwanza yakiwa yamevaa nguo za mtu mwingine: mimi ndiye ninayewapiga hao ndege.

"Ni maneno yako?"

"Ni yangu. Nilisema nawapiga."

Alinyanyua macho juu ya miwani. "Dada, mimi sitafsiri kile nawaza, natafsiri kile unasema. Kupiga ni neno bila mkia. Muntu anapiga ngoma, anapiga pasi, anapiga magoti. Unawapiga nini?"

Niliona kanisa la Kasulu. Niliona mstari wa nyuma wa kwaya. Niliona kidevu begani kwangu na kopo likiruka. Nilijua nikifungua mdomo sitarudi ghorofa ya tatu, na labda sitabaki katika nchi hii. Ilikuwa silabi mbili tu.

"Picha," nikasema. "Mimi nawapiga picha. Mume wangu anawapiga risasi."

Nikatoa simu nikaiweka mezani, asubuhi zangu zote, kasuku wengi mwanzoni, wachache mwishoni. Jeroen alizitazama polepole. Safari hii aliniangalia kama mtu mzima.

Nje mvua ilikuwa imerudi. Hilaire alikuwa kwenye kituo cha tramu, amevaa koti la kazi. Beji bado ilikuwa kifuani, na alikuwa ameifunika kwa kiganja kama mtu anayezuia damu. Hakuuliza nimesema nini. Alinitazama usoni, akajua.

"Umenipiga, Imani."

Nilingoja amalizie. Hakumalizia, na mimi sikumwuliza nini. Tramu ikaja, nikapanda peke yangu.